Upepo ukiisha, nini kinalishika gari?

Usiku wa Julai 5, 2013, treni ya mizigo iliegeshwa kwenye reli karibu na kijiji cha Nantes, jimbo la Quebec nchini Kanada. Ilikuwa na mabehewa 72 yaliyojaa mafuta ghafi na vichwa vitano vya kuyavuta. Dereva alimaliza zamu yake, akafunga breki saba za mkono, na kazi iliyobaki akaziachia breki za upepo za vichwa. Kichwa cha mbele alikiacha kikinguruma, maana injini ikizimwa kompresa nayo inazimika. Akaenda kulala.

Kabla ya saa sita usiku kichwa kile kikashika moto. Zimamoto wakaja, wakauzima moto, na injini wakaizima pia. Kila mtu akaondoka. Upepo ukabaki ndani ya mitungi na mabomba bila wa kuuongeza, ukawa unavuja kidogo kidogo kwenye viungio, jambo la kawaida kabisa katika mfumo wowote wa breki za upepo. Baada ya kama saa moja breki za vichwa zilikuwa zimelegea kiasi kwamba zile saba za mkono hazikuweza kuuzuia mzigo peke yake. Treni ikaanza kuteremka gizani, haina mtu ndani. Ilikwenda kilomita 11 hivi, ikaingia katikati ya mji wa Lac-Mégantic saa saba na robo usiku kwa mwendo wa zaidi ya kilomita 100 kwa saa, ikaanguka na kulipuka. Watu 47 walikufa.

Nimeanza na Kanada kwa sababu ajali ile ilichunguzwa kwa kina, na ndani yake linaonekana wazi swali ambalo kila anayeitegemea hewa anapaswa kujiuliza: hewa hii ikitoka, nini kinabaki? Swali hilo linatuhusu sana. Karibu kila lori kubwa la mizigo na kila basi kubwa la mikoani katika barabara zetu linasimamishwa na upepo. Pedali anayoikanyaga dereva haisukumi mafuta kama ya gari dogo. Inafungua vali tu, na upepo uliohifadhiwa kwenye mitungi chini ya gari ndio unaofanya kazi yote.

Elimu ya kuitumikisha hewa na gesi inaitwa nyumatiki, na mmoja wa mizizi yake ya zamani kabisa uko katika bara hili. Katika karne ya 3 kabla ya Kristo, jijini Alexandria nchini Misri, mtoto wa kinyozi aliyeitwa Ktesibios alitengeneza pampu na kinanda kilichopigwa kwa hewa iliyosukumwa na maji. Karne kadhaa baadaye, katika mji uleule, Hero aliandika kitabu kizima kuhusu mitambo ya namna hiyo. Humo alieleza milango ya hekalu inayofunguka yenyewe moto ukiwashwa juu ya madhabahu: hewa iliyopashwa inatanuka, inasukuma maji, na uzito wa maji hayo unavuta kamba za milango. Waumini waliona muujiza. Hero aliona hewa, na hilo peke yake linatosha kumpa heshima.

Uzito wa hewa inayotuzunguka ulikuja kupimwa baadaye sana. Mwaka 1643 Evangelista Torricelli wa Italia alionyesha kwamba hewa inaweza kuinua zebaki ndani ya mrija hadi kimo cha sentimita 76 hivi. Blaise Pascal wa Ufaransa akafikiri kwamba, kama kweli ni uzito wa hewa unaoinua zebaki ile, basi juu ya mlima, ambako hewa iliyobaki kichwani ni kidogo, zebaki itashuka. Akamwomba shemeji yake, Florin Périer, apande mlima Puy de Dôme. Périer alipanda Septemba 19, 1648, na zebaki ikashuka kwa takriban sentimita 8. Msomaji aliyesafiri kwa basi kutoka Dar es Salaam kwenda Njombe amekwisha kuliona jambo hilohilo, pengine bila kulitilia maanani: pakiti ya krispi iliyonunuliwa pwani inafika Njombe imevimba na kukaza. Hewa ya ndani ni ileile iliyofungiwa kiwandani. Ya nje ndiyo iliyopungua nguvu, kwa takriban asilimia 20.

Otto von Guericke, meya wa mji wa Magdeburg nchini Ujerumani, alitaka watu waione nguvu hiyo kwa macho yao. Katika miaka ya 1650 aliunganisha mabakuli mawili ya shaba, akanyonya hewa iliyokuwa ndani kwa pampu aliyoibuni mwenyewe, kisha akafunga farasi kila upande wavutane. Farasi walihangaika kuyatenganisha. Tufe la upana wa sentimita 50 hivi likinyonywa hewa yote, anga inayabana mabakuli yake mawili kwa nguvu ya tani 2. Hakuna gundi wala boliti. Ni hewa hii tunayoivuta puani. Na mwaka 1662 Robert Boyle wa Uingereza akachapisha kanuni ambayo kompresa zote za gereji zinaifuata hadi leo: hewa ikibanwa hadi nusu ya nafasi yake, na joto lisipobadilika, nguvu yake ya kusukuma inakuwa mara mbili.

Kanuni ya Boyle ndiyo inayoifanya hewa kuwa akiba. Mafuta ya breki hayabanwi. Yanapitisha nguvu ya mguu, basi. Hewa inabanwa, inawekwa kwenye mtungi, inasubiri. Ina faida nyingine ambayo kila utingo anaijua hata kama hajawahi kuieleza: tela linaungwa kwenye kichwa kwa mipira miwili ya upepo kwa dakika moja, bila kumwaga mafuta wala kutoa hewa kwenye mabomba. Ikivuja kidogo, kompresa inafidia, na hewa hainunuliwi.

Aliyeifikisha hewa kwenye breki za treni ni George Westinghouse wa Marekani. Inasimuliwa kwamba alisoma gazetini habari za mashine za kutoboa mwamba kwa hewa iliyobanwa, zilizokuwa zikichimba njia ya reli yenye urefu wa zaidi ya kilomita 12 chini ya milima ya Alpi, kati ya Ufaransa na Italia. Akajiambia: kama hewa inaweza kupelekwa mbali hivyo ndani ya mlima na kuvunja jiwe, itashindwaje kupita chini ya mabehewa na kubana magurudumu? Alipata hati ya ubunifu wake mwaka 1869, akiwa na umri wa miaka 22.

Breki hiyo ya kwanza ilikuwa na kasoro kubwa, na hapa ndipo fikra yake ilipokomaa. Upepo ulitoka kwenye kichwa kwenda kwenye mabehewa pale dereva alipotaka kusimama. Bomba likikatika, hakuna upepo unaofika, hakuna breki, na dereva anagundua hivyo wakati anazihitaji. Mwaka 1872 Westinghouse aliugeuza mpango mzima. Kila behewa likapewa mtungi wake. Bomba kuu likajazwa upepo muda wote, na upepo huo ndio ukawa unazilegeza breki. Dereva akitaka kusimama, anautoa. Bomba likikatika au mabehewa yakiachana, upepo unatoka wenyewe na kila behewa linajibana kwa akiba ya mtungi wake. Kwangu mimi huu ni uamuzi mmojawapo kati ya maamuzi bora kabisa katika historia ya uhandisi: hitilafu yenyewe ikageuzwa kuwa amri ya kusimama.

Ila akiba ile nayo ni upepo, na upepo unavuja. Ndiyo maana treni inayoegeshwa kwa muda mrefu inatakiwa kufungwa breki za mkono za kutosha, chuma kwa chuma. Kule Nantes hazikutosha, na breki za upepo za mabehewa hazikuwa zimefungwa kabisa.

Malori ya leo yanalijibu swali hilo kwa njia ambayo ningependa kila anayesafiri aielewe. Ukiinama nyuma ya lori utaona, karibu na kila gurudumu la ekseli za nyuma, kitu kama makopo mawili ya chuma yaliyounganishwa. Mafundi wanakiita busta. Kopo la mbele ni la breki ya kawaida: upepo unaingia, unasukuma kiwambo cha mpira, kiwambo kinasukuma fimbo, fimbo inazungusha mkono wa kukazia ambao mafundi wanauita slaki, na viatu vya breki vinatanuka kuibana dramu. Busta ya namba 30, iliyozoeleka sana, ina kiwambo chenye eneo la sentimita za mraba 194 hivi. Upepo wa bar 6 ukikisukuma, fimbo inapata nguvu ya zaidi ya tani moja. Hiyo ni busta moja tu.

Kopo la nyuma lina springi ya chuma iliyobanwa kwa nguvu inayokaribia tani moja. Springi hiyo wakati wote inataka kufunga breki, na upepo ndio unaoizuia. Dereva anapovuta breki ya mkono na ukasikia gari likipumua kwa kishindo, huo ni upepo unaotolewa ili springi ifanye kazi yake. Upepo ukipungua sana njiani, springi inafunga breki bila kuomba ruhusa ya mtu. Kabla ya kufika hapo taa nyekundu inawaka na king'ora kinalia kwenye dashibodi, ili dereva apate nafasi ya kusimama mwenyewe. Ndiyo maana lori lililolala usiku kucha na kuvuja linaamka likilia, na haliwezi kuondoka mpaka geji ipande. Upepo wote ukiisha, kinachobaki ni chuma.

Basi mbona malori bado yanashindwa kusimama? Mbona dereva anayeshuka Mlima Kitonga mkoani Iringa, au anayeteremka kuelekea Salgaa katika barabara ya Eldoret kwenda Nakuru, anaweza kukanyaga pedali ikafika chini, geji ikionyesha upepo tele, na gari likaendelea kukimbia?

Jibu liko kwenye dramu. Gari la tani 56, ambao ndio uzito wa juu unaoruhusiwa katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, linaposhuka kimo cha mita 100 linaachia nishati ya kutosha kuchemsha zaidi ya lita 170 za maji ya kawaida. Nishati hiyo haipotei. Dereva akiitegemea pedali peke yake, karibu yote inageuka joto ndani ya dramu na viatu vyake. Dramu ikipata moto inatanuka, inavikimbia viatu. Sasa fimbo ya busta inalazimika kusafiri mbali zaidi ili viatu viifikie dramu, na fimbo hiyo ina mwisho wake: kwa busta ya namba 30 ya kawaida ni sentimita 6.4, na fundi makini hataki izidi sentimita 5 dramu ikiwa baridi. Joto kali linaweza kuidai sentimita moja ya ziada. Kama slaki ilikuwa imelegea tangu asubuhi, fimbo inafika mwisho kabla kiatu hakijabana. Upepo upo, nguvu ya tani moja ipo, ila inausukuma ukuta wa busta yenyewe. Na ile springi ya kuokoa haisaidii, kwa sababu inatumia fimbo ileile na dramu ileile.

Hili ndilo ninalotaka lieleweke. Usalama wa breki za upepo ulibuniwa kwa ajili ya upepo unaopotea. Haukubuniwa kwa ajili ya dramu inayoungua, wala slaki ambayo haijaguswa kwa miezi. Tunaposoma katika taarifa ya ajali kwamba lori "lilifeli breki", tumezoea kuyapokea maneno hayo kama vile yanataja mvua au radi. Mara nyingi kufeli huko kulianza siku nyingi kabla, gereji, au dakika kumi kabla, kileleni.

Kileleni ndipo dereva anapochagua gia. Wapo wanaotoa gia na kuliacha gari lishuke lenyewe ili kubana mafuta. Hapo wanatupa breki kubwa kuliko zote, nayo pia ni ya hewa. Injini iliyo kwenye gia ya chini huku mguu umetoka kwenye mafuta inageuka pampu: pistoni zinavuta hewa, zinaibana, zinaisukuma nje, na kazi hiyo inakula mwendo wa gari. Breki ya eksozi inaongeza nguvu hiyo kwa kuziba njia ya kutokea, pistoni zikawa zinasukumana na hewa isiyo na pa kwenda. Joto linatoka kupitia injini, eksozi na rejeta, vitu vilivyotengenezwa kwa ajili ya kubeba joto, na dramu zinabaki baridi kwa dharura. Kwenye gia tupu injini inaunguruma polepole, kompresa inajaza polepole, huku dereva anapiga pedali mara kwa mara na kuumaliza upepo.

Kuna jambo lingine ambalo madereva wa magari madogo wanaolikatiza lori mbele wanapaswa kulijua. Hewa inachukua muda kusafiri kutoka kwenye vali hadi kwenye busta za tela la nyuma. Ni karibu nusu sekunde. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, lori limekwisha kwenda mita 11 kabla breki hazijaanza kushika sawasawa.

Tukirudi gereji, adui wa kwanza ni maji. Hewa ya Dar es Salaam, Tanga au Mombasa imejaa unyevu, na ukiibana kisha ikapoa ndani ya mtungi, maji yanajitenga na kukaa chini. Yanachanganyika na mafuta ya kompresa, yanakuwa uji mweusi, yanakula vali na kutia kutu. Chini ya kila mtungi kuna kizibo cha kuyatolea. Utingo anayekivuta kila siku, akaacha maji yatoke mpaka ije hewa kavu, anafanya kazi ya maana kuliko anayepiga kioo cha mbele kikang'aa. Magari yenye kikaushio cha hewa yanapunguza tatizo, lakini kikaushio nacho kinazeeka na kinataka kubadilishwa.

Matairi niyataje kwa kifupi, maana nayo ni hewa iliyofungwa. Tairi la lori lililojazwa bar 8 asubuhi, likiwa na joto la nyuzi 27, litasoma bar 9 na kitu likifika nyuzi 67 barabarani. Hiyo ni haki yake, ni fizikia. Anayesimama njiani na kulipunguza upepo kwa sababu "limezidi" anaondoka na tairi pungufu, na tairi pungufu linajikunja zaidi, linapata moto zaidi, linapasuka.

Kosa linaloniuma kuliko yote ni la boliti. Kila busta ya springi huja na boliti ndefu. Ukiiingiza nyuma ya kopo na kuikaza, springi inabanwa na breki inaachia hata kama hakuna upepo hata chembe. Iliwekwa kwa ajili ya gari bovu linalovutwa kupelekwa gereji. Busta inayovuja ikifungwa kwa boliti hiyo na gari likarudishwa barabarani na mzigo, kila kitu kinaonekana kimepona: king'ora kimenyamaza, magurudumu yanazunguka, safari inaendelea. Ila kinga ya mwisho imeondolewa kwenye gurudumu hilo. Siku upepo ukikatika, hakuna chuma kinachobaki. Ni sawa na kuziba mpira wa upepo unaopeleka amri ya breki kwenye tela kwa sababu unavuja: tela zima linabaki mzigo unaosukuma, lisilosaidia kusimama.

Na fundi asijaribu kulifungua kopo la springi kwa nyundo na patasi. Springi hiyo ikiruka inaua. Kopo bovu hubadilishwa zima.

Kwa wenye malori ombi langu ni moja, nalo haligharimu hata bei ya tairi. Kabla gari halijapanda barabara ya milima, lala chini na fundi wako, mtu mmoja akanyage pedali, mpime kila fimbo kwa rula. Tazameni nyuma ya kila kopo kama kuna boliti iliyokazwa. Zimeni injini, mwangalie geji kwa dakika chache inashuka kwa kasi gani. Gari likishindwa mtihani huo, mzigo usubiri, hata kama mwenye mzigo anapiga simu kila saa.

Abiria nao wana sehemu yao, kwa kuwa mabasi makubwa yana mitungi na springi zilezile. King'ora cha upepo kikiwa kinalia na dereva anataka kutoka stendi, mwambie asubiri geji ipande. Kikilia njiani, mwambie asimame pembeni sasa hivi, wakati bado ana upepo wa kusimamia, na mshuke.